Mapafu Kwenye Korido

Asubuhi ile mwoka mikate alivaa gauni la hospitali lililokataa kufungika mgongoni, akasimama mbele ya bamba la eksirei kwa mara ya nne. Kifua kwenye bamba, kidevu juu, mikono kiunoni, mabega mbele. Alishajua kujipanga bila kuambiwa.

"Jibane kidogo, mama," alisema mpiga picha, mtu mpole mwenye macho ya usingizi.

"Nijibane wapi, baba? Nimekuja na mwili wote, sikuacha mwingine nyumbani."

Ukutani palikuwa na mchoro wa maumbo manne ya watu: pandikizi, wastani, mwembamba na kimbaumbau. Mapafu ya pandikizi ni mafupi na mapana, kwa hiyo bamba hulazwa kwa upana. Ya kimbaumbau ni marefu, kwa hiyo bamba husimamishwa. Mchoro ulieleza vizuri kabisa. Lakini mkuu wa idara alikuwa amelikaza bamba kwa nati likae wima siku zote, kwa kuwa wagonjwa wengi ni wastani na kuligeuzageuza kunachosha. Ndiyo maana picha zote za mwoka mikate zilikuwa zimekatwa kando, na daktari hakuthubutu kusema kwamba hana kifua kikuu. Mgonjwa mwenyewe alisema ni kikohozi cha unga tu. Hata hivyo, mpaka picha nzima ipatikane, alikatazwa kumshika mjukuu wake wa kwanza. Binti yake alimwonyesha mtoto kupitia dirisha, kama nguo ya dukani.

"Vuta pumzi. Shikilia hapo hapo."

Mwoka mikate alivuta pumzi ya mtu aliyechoka kutazama mtoto kwenye kioo. Mashine ikalia. Mapafu yake yakajaza bamba, yakafika ukingoni, na kwa kuwa nafasi ilikuwa imekwisha, yakaendelea ukutani. La kulia likapita juu ya sinki. La kushoto likatoka mlangoni na kushika korido, jeusi, laini, na mbavu nyeupe zimepangika vizuri, hadi kwenye dirisha la dawa.

"Pisheni, pisheni, mapafu ya watu hayo," alisema muuguzi. Watu wakaondoa vikapu. Mzee mwenye bandeji kichwani akasogea ili asiegemee ubavu.

"Jumba hili, mama," akasema. "Ukianza kupangisha unikumbuke."

"Kodi yake huiwezi, mzee wangu."

Daktari alikuja na tochi, akayasoma huku akitembea. Alianzia kwenye sinki, akapinda mlangoni, akapiga magoti penye pembe ya chini, ile ambayo picha zote zilikuwa zimeikata. Mwoka mikate alisahau kuitoa pumzi.

"Hakuna hata kidoa," alisema daktari.

Watu wakapiga makofi. Muuguzi akapiga kigelegele, kisha akakumbuka yuko kazini, akapiga kingine kifupi.

Kelele zilimtoa mkuu wa idara ofisini. Alitazama ukuta, akatazama bamba, akazigusa nati kwa kidole. Zilikuwa zimekaza. Aliagiza mapandikizi waje asubuhi na mapema, kabla korido haijajaa, akarudi kwenye chai yake. Mwashi mmoja mwenye mabega mapana, aliyekuwa anafuata kwenye foleni, akaambiwa ajibane kidogo.

Mwoka mikate hakungoja kusikia zaidi. Alikuwa ameshafika mwisho wa korido, alikokaa binti yake na mtoto.

"Mama, funga gauni kwanza! Mgongo wote uko nje!"

"Lete mtoto. Mgongo utajijua."

Akampokea. Mtoto alikuwa mzito na wa moto kuliko alivyoonekana kwenye kioo. Alikunja uso, akapiga chafya, akalala palepale juu ya kifua cha bibi yake, akipanda na kushuka kwa kila pumzi. Nafasi ilimtosha, na nyingine ikabaki.