Tundu Nyuma ya Thamostati

Fundi waliyemwita Barafu alilitambua lile gari-nyumba kabla halijazima injini. Alikuwa amechuchumaa uani mwa karakana yake, mikono imejaa grisi ya friji ya watu, akauona ule mchubuko mrefu wa ubavuni, akasimama. Mapazia yalikuwa mengine, na aliyeshuka kwenye usukani alikuwa mwanamume mrefu mwenye kamera mbili shingoni, lakini gari lilikuwa lile lile.

Jina la Barafu alipewa kwa ajili ya kazi yake. Miaka ishirini na miwili alikuwa anatengeneza vitu vya kuleta baridi: mafriji, majokofu ya mabuchani, viyoyozi vya nyumba na vya magari. Watu walisema mgonjwa akishikwa na Barafu lazima apoe, nao walicheka, naye alicheka nao.

"Fundi, nimeelekezwa kwako," alisema yule mgeni. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za ndege, akilala humo ndani ya gari kando ya mabwawa. "Hiki kiyoyozi kina wazimu. Asubuhi kinapuliza vizuri, hakina neno. Ikifika mchana, jua limewaka kweli kweli, kinazimika chenyewe. Nakitazama kile kidude cha ukutani, kinaniambia nyuzi kumi na nane. Kumi na nane, fundi, na mimi nimelowa chapachapa."

Barafu aliifuta mikono kwa kitambaa taratibu, kidole kimoja kimoja. Maneno hayo alikwisha kuyasikia, karibu yote, mwaka mmoja na nusu uliopita.

Wakati ule mwenye gari alikuwa mama mmoja, nesi mstaafu, umri wake unakaribia sabini. Mumewe alipofariki aliuza nyumba, akanunua gari-nyumba, akawa analiendesha mwenyewe mji hadi mji kuwatembelea waliosoma naye na waliofanya kazi naye. Mwanawe wa pekee alikuwa wakili, na safari hizo zilikuwa zinamkosesha usingizi. Mama alipolalamika kwamba kiyoyozi kinazimika mchana, Wakili ndiye aliyempigia Barafu simu.

Barafu alifika saa tatu asubuhi. Alitazama chujio, akapima umeme kwa mita, akaisikiliza kompresa, akaweka kiganja kwenye matundu ya hewa moja baada ya jingine. Baridi ilikuwa ya kuuma meno. Mama alimletea daftari alimoandika saa na nyuzi joto za kila siku kwa mwandiko wa hospitalini. Barafu alilipokea, akaliweka juu ya meza bila kulifungua, kwa sababu buchani walikuwa wanamsubiri na nyama zao zinaanza kulainika. Mama alikuwa anamweleza jambo, na yeye alikuwa anakunja waya wa mita. Dakika ishirini, kazi kwisha.

Nje, Wakili alimshika bega. "Fundi, niambie ukweli. Tatizo ni nini?"

"Mashine haina kosa," Barafu alisema. "Na mashine haidanganyi. Mzee wetu umri umeenda, ndugu yangu. Mwili wake ndio haujui tena baridi wala joto."

Alilisema hilo huku anatabasamu, kama mtu anayesema leo kuna mawingu. Ulimi hauna mfupa. Miezi miwili baadaye alikutana na Wakili benki, akaambiwa gari limeuzwa, mama amehamia chumba cha nyuma nyumbani kwa mwanawe. "Asante sana, fundi," Wakili alisema. "Wewe ndiye uliyetusaidia kuamua." Na Barafu aliipokea asante ile, akaenda nayo.

Sasa gari lilikuwa limerudi. Akamwambia mpiga picha, "Leo sitafanya kazi nyingine. Tutakaa humu mpaka kizimike."

Alitundika kipimajoto chake kwa uzi, karibu kabisa na thamostati, kile kidude cha ukutani kinachopima joto na kukiamuru kiyoyozi. Kilikuwa kipimo cha bei ya chini, cha aina inayoning'inizwa madukani. Ndilo jambo la kwanza alilowafundisha wote waliowahi kujifunza kazi kwake: usikiulize kidude kimoja habari zake chenyewe, kitafutie shahidi. Mwaka ule hakutafuta shahidi. Shahidi alikuwepo, amesimama mbele yake na daftari mkononi, yeye akamwona mzee tu.

Saa nne vipimo vyote viwili vilisema ishirini na nne. Saa sita, vile vile. Jua lilikuwa limelipiga paa mpaka bati linalia. Saa nane mpiga picha alirudi kutoka kula, akaenda nyuma penye kitanda, akayafunga matundu mawili ya hewa.

"Unafanya nini?" Barafu aliuliza.

"Nafunga huku ili baridi yote ije mbele nilipokaa. Kila mchana nafanya hivi, jua likizidi."

Barafu akamgeukia. Hayo ndiyo aliyokuwa anaelezwa na mama wakati yeye anakunja waya. Nikifunga huku nyuma, mwanangu, ndipo kinapozimika. Sauti ile ilimrudia yote, hata ile "mwanangu".

Haikutimia saa nzima, kiyoyozi kikanyamaza. Thamostati ilisema kumi na nane. Kipimajoto cha kwenye uzi kilisema thelathini na moja.

Alifungua skrubu mbili, akaitoa thamostati ukutani. Nyuma yake kulikuwa na tundu la kupitishia nyaya, upana wa kidole gumba. Akawasha kiyoyozi kwa kuunganisha nyaya kwa mkono, kisha akasogeza shavu. Hewa baridi ilikuwa inatoka tunduni, inampuliza kama mtu anayepooza chai.

"Njoo uone," alimwambia mpiga picha. "Njia ya hewa imepasuka juu ya dari. Matundu yakiwa wazi yote, hewa inapita njia yake. Ukifunga ya nyuma, inakosa pa kwenda, inaingia ndani ya ukuta na kutokea hapa, mgongoni mwa thamostati. Yenyewe inadhani chumba kizima kimepoa. Inazima."

"Kwa hiyo inadanganywa."

"Inadanganywa," Barafu alisema, "halafu inatudanganya sisi."

Alifungua dari, akakuta utepe wa kuungia njia ya hewa umekauka na kubanduka kama gamba. Akauondoa, akafunga mpya tabaka tatu, akaziba tundu la ukutani kwa sifongo na silikoni. Walipojaribu tena, matundu ya nyuma yamefungwa, kiyoyozi kilipuliza mpaka saa kumi na moja bila kukohoa.

Mpiga picha alifurahi kama aliyepata mtoto. "Wewe kweli ni Barafu. Hivi aliyekuwa nalo kabla yangu hakuwahi kulalamika?"

"Alilalamika."

"Na fundi wake?"

Barafu alikuwa anapanga bisibisi ndani ya boksi. Aliipanga moja, akaitoa, akaipanga tena. "Hakumsikiliza," alisema.

"Watu wengine wana kazi kweli," mpiga picha alisema, akawasha gari akaondoka.

Siku nne Barafu alitembea na jambo hilo kama mtu mwenye kokoto kiatuni. Alijiambia gari limeshauzwa, maji yakimwagika hayazoleki. Alijiambia pengine mama mwenyewe amefurahi kukaa na wajukuu. Alijiambia kwamba aliyeuza gari ni Wakili, yeye fundi alisema neno tu. Kila alichojiambia kilimkaa vizuri kwa muda wa kunywa chai, kisha kikaanza upya kumchoma.

"Unatafuna chakula kama dawa," mkewe alimwambia siku ya nne. "Nani kafa?"

Akamsimulia. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupanga vyombo.

"Mwenye gari wa sasa umemwambia nusu," alisema. "Mimi umeniambia yote. Huyo mama mwenyewe hujamwambia hata neno. Sasa unataka nikusamehe mimi?"

Jumamosi, kabla ya mchana, Barafu alibisha mlangoni kwa Wakili. Alielekezwa chumba cha nyuma. Kilikuwa na kitanda, kabati na kiti kimoja, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Humo ndani palikuwa na joto la kutoa jasho, na mama alikuwa amekaa kitandani amevaa sweta, vifungo vyote vimefungwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni yule fundi." Alimtazama kidogo. "Hebu niambie, leo kuna joto, au ni mimi?"

Barafu alijipangusa jasho la usoni. Akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Kuna joto, mama. Joto kali."

Mama akaanza kufungua vifungo vya sweta. Barafu alimsimulia yote: gari kurudi, matundu ya nyuma, tundu la ukutani, utepe uliokauka. Hakutafuta maneno mazuri. Mama hakumkatiza isipokuwa mara moja, kuuliza kipimajoto alikitundika umbali gani na thamostati. Alipojibiwa kiganja kimoja, aliitikia kwa kichwa, kama nesi anayesomewa faili la mgonjwa.

"Mimi nilikuwa nafunga matundu ya nyuma," alisema.

"Ulisema, mama. Uliniambia siku ile."

"Najua kuwa nilisema. Nataka kujua kama ulisikia."

"Nilisikia. Sikusikiliza."

Mama alikunja sweta, akaliweka magotini. "Nimepima homa za watu miaka thelathini na minne. Mgonjwa akikwambia anaungua, na kipimo kinasema hana kitu, unampima upya. Kwapa la pili. Kipimo kingine. Humwambii umri umeenda." Hakuinua sauti hata kidogo. "Unajua umenifanya nini, mwanangu? Mwaka huu wote nikisikia harufu ya kuungua, nauliza kwanza kama ipo. Nikisikia baridi, naangalia wenzangu wamevaa nini. Nimeacha kuonja chumvi, nampa mkwe wangu aonje. Gari ni gari. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kujiogopa."

Barafu alisogeza kiti karibu na kitanda. Alikuwa amekuja akidhani amemnyang'anya gari tu. "Nisamehe, mama," alisema mwishowe, na hata masikioni mwake neno lilisikika dogo.

"Maneno yale uliyasema nje, mlangoni kwangu, ukampa mwanangu. Yafuate ulikoyapeleka. Atarudi kula saa saba. Utasubiri."

Akasubiri. Saa moja nzima walikaa, mama anatazama ukuta wa jirani, Barafu anatazama viatu vyake. Wakili aliporudi, mama alimwita, akamwambia mgeni wake ana jambo. Barafu akasimama, akarudia yote tangu mwanzo. Safari hii hakuruka hata neno lake mwenyewe.

Wakili alisikiliza mkono ukiwa bado kwenye kitasa. "Gari nimeshauza," alisema.

"Najua."

"Nilimuuza nalo mama yangu, unaelewa? Nilimtoa barabarani kwa neno lako. Uliniambia mashine haidanganyi. Wewe ndiye mtaalamu. Mimi ningejuaje?"

"Ungeniuliza mimi," mama alisema.

Wakili akageuka.

"Fundi alisema neno moja akaenda zake," mama aliendelea. "Wewe ndiye uliyelibeba mwaka mzima. Kwa sababu lilikufaa. Ulikuwa unataka nirudi nyumbani, na yeye akakupa kamba ya kunifungia."

Wakili alishusha mkono kutoka kitasani. Akakaa pale pale kitandani karibu na mama yake, na uso wake ukawa wa mtoto aliyevunja kitu. Barafu aliyaona hayo, na kifua chake kikapata nafasi kidogo, kwamba lawama sasa ina wawili wa kuibeba. Akajishtukia. Aliona aibu ya kupata nafuu kwa njia hiyo, kubwa kuliko aibu iliyomleta. Akaaga. Mama aliitikia kwaheri yake, lakini neno la msamaha hakulitoa, na Barafu hakuliomba mara ya pili.

Mpiga picha hakukubali kuliuza gari. Wakili alimfuata mara mbili, akarudi mikono mitupu. Baada ya miezi mitatu mama alihamia vyumba viwili vya kupanga, karibu na hospitali aliyofanyia kazi, na wanasema mwanawe alibeba maboksi mwenyewe, moja moja, mpaka shati likashika mgongo. Barafu alipopata habari alituma salamu kwamba yuko tayari kumfungia mama kiyoyozi bure, kipya, na kukihudumia maisha yake yote. Jibu lilirudi siku ile ile: mwambieni asante, fundi ameshapatikana.

Alimjua fundi huyo. Walikutana wiki iliyofuata kwenye duka la vipuri, wamesimama foleni.

"Kuna mama mmoja nesi kanichosha," mwenzake alisema, anacheka. "Nimefunga kiyoyozi asubuhi, nataka kuondoka, kaniambia kaa. Nimekaa mpaka saa tisa mchana, namtazama anafunga na kufungua madirisha, anaandika."

"Ni mzima?" Barafu aliuliza.

"Mzima kuliko wewe. Unamjua?"

"Niliwahi kumfanyia kazi," Barafu alisema.

Mwenzake alingoja aelezwe zaidi. Barafu akamwambia amtunze mteja yule, akamwacha kwenye foleni, akatoka nje juani. Alikuwa ameshafika karakana alipokumbuka kwamba hakununua kilichompeleka dukani.