Jina la Kichaka

Sayyida alianza kucheka jikoni, na Bi Mahfoudha, mama yake, hakukipenda kicheko kile tangu mwanzo.

"Mama, nimetafuta kwenye simu maana ya jina la huyo binti. Krūmiņa. Unajua nini? Kichaka kidogo! Marwan anataka tumposee Bi Kichaka!"

"Punguza sauti, wageni wapo sebuleni."

"Hawajui Kiswahili hao. Tena si hilo tu. Wakulima wa huko kwao Latvia walikuwa mali ya mabwana zao. Hayo majina wameyapata walipoachiwa huru, juzi juzi tu. Watu wakituuliza kabila lake tutawaambia nini?"

Marwan ni mjukuu wa Bi Mahfoudha, amemlea mwenyewe tangu baba yake, kaka yake Sayyida, afariki, na nyumba nzima pale Azaiba, Maskati, ilijua kwamba neno la posa ni lake. Akisema ndiyo, wazee watakwenda. Akinyamaza, basi tena. Huyo binti mwenyewe, Ilze, Bi Mahfoudha alimjua tangu alipokuwa akimkanda goti hospitalini. Binti yule husugua kwanza viganja vyake vipate joto, ndipo amguse. Na leo baba yake, Mzee Guntis, aliyekuja kutoka Latvia kumtembelea binti yake, alivikuta viatu vya Bi Mahfoudha vimepinduka mlangoni, akainama akaviweka sawa, wala hakujua kama kuna anayemtazama.

Bibi akarudi sebuleni akijikongoja. Kahawa ndiyo kwanza imemiminwa, haluwa haijaguswa. Mara Sayyida akaingia na chetezo kinafuka udi, akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya mgeni, akampepea moshi.

Marwan akabadilika uso. Nani hapa Maskati asiyejua kwamba udi ukishapitishwa mgeni huinuka akaenda zake? Lakini mzee wa watu hakujua. Alifumba macho, akavuta harufu, akaweka mkono kifuani. Ilze akafasiri kwa Kiarabu chake cha hospitalini: "Baba anasema hajapata kupewa heshima kama hii."

Damu ikampanda Bi Mahfoudha kichwani. Kumfukuza mtu, na huku anakushukuru!

"Lete hapa hicho."

"Mama, kina moto."

"Nnakwambia lete!"

Akachukua bilauri ya maji, akaimimina yote juu ya makaa. Yakachachatika, na majivu yakaruka mpaka kwenye abaya mpya ya Sayyida.

"Hapana aliyeaga hapa," alisema. "Marwan, mwambie Ilze amuulize baba yake, hilo jina lao lilitoka wapi? Nnataka kusikia kinywani mwake, si kwenye simu."

Mzee Guntis alieleza taratibu, Ilze akifasiri, Marwan akimalizia. Babu wa babu yake alikuwa mtu wa shamba la bwana wa Kijerumani, akiuzika kama ng'ombe. Walipoachiwa huru waliambiwa kila nyumba ijitafutie jina la ukoo. Shamba lilibaki la bwana, na nyumba ya bwana. Kitu chake peke yake kilikuwa kichaka kilichopandwa na mama yake kando ya mlango. Akajiita hicho.

"Si nilisema?" Sayyida akanong'ona. "Watumwa."

"Na aliyewafanya watumwa, yeye ndiye mwenye nasaba?" Bi Mahfoudha alimgeukia. "Wewe jina lako umelikuta mezani kama chai. Umelifanyia nini? Na wale waliochuma karafuu za babu zako kule Unguja, aliwauliza nani wanataka kuitwaje? Wengine wamekufa wakiitwa kwa majina yetu sisi! Huyu babu yake kaulizwa, na kachagua alichopanda mama yake. Mimi sioni aibu hapo. Aibu nimeiona ndani ya chetezo."

Sayyida akainamisha kichwa, akipangusa majivu.

Ilze aliwatazama kwa wasiwasi. "Baba anauliza, moto umezimwa kwa kosa lake?"

"Hapana, mwanangu. Mwambie udi ulikuja mapema. Utarudi akishashiba." Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Wapigie wazee. Ijumaa wanapeleka posa."

Marwan akambusu bibi yake mkono.

"Na wewe Sayyida, kahawa imepoa. Mmiminie mgeni nyingine. Kwa mkono wako."