Zamu ya Wifi Kuonja

Katika chumba cha kuonjea chai pale kiwandani kulikuwa na desturi moja ya kijinga: mkuu anaonja kwanza, anatoa hukumu, kisha wengine wanafuata kwa cheo. Mkubwa akishasema tamu, wewe utapata wapi ubavu wa kusema chungu?

Bi Pua, waliyempa jina hilo kwa sababu hakuna harufu iliyompita, aliupata ubavu huo siku moja. Chai ilikuwa inanuka. Wifi yake, mke wa kaka yake, aliyeketi kando yake, ndiye hasa aliyemnong'oneza, "Wifi, haya si mafuta ya taa?"

"Safi," mkuu akasema. Meza nzima ikaitikia safi. Bi Pua akasema inanuka mafuta ya taa. Mkuu akamgeukia wifi.

"Safi kabisa, bosi," wifi akajibu, macho makavu. "Huyu ana mafua tangu juzi."

Mafua gani! Hata kikohozi hakuwa nacho. Lakini alitolewa mezani, akapelekwa kuosha vikombe vya watu aliowafundisha kazi, na kiti chake akakikalia wifi. Walipokutana nyumbani kwa kaka, wifi alimpakulia chakula na kumwuliza habari za watoto kana kwamba hakuna lililotokea. Bi Pua akala, na chuki ikamkaa rohoni.

Wanunuzi waliirudisha chai yote. Mkuu akafukuzwa, mwenye kiwanda akamkalisha Bi Pua kwenye kiti kikubwa. Wote wakaja kumpongeza: "Sisi tulijua tangu zamani!" Samahani hakuna aliyeitamka, na hilo ndilo lililomchoma.

Basi akaingia jikoni, akachota maji ya kusuuzia vikombe, yenye rangi ya chai na povu la sabuni, akayapasha moto na kuyamimina vikombeni. Akajiapia kwamba wifi akiyatema tu na kusema ukweli, atamsamehe yote.

Mezani akagusisha kikombe mdomoni. "Nzuri. Ina utamu wa mbali."

"Kweli, utamu wa mbali," akasema wa kwanza.

"Na harufu ya maua," akaongeza wa pili, mnafiki mkubwa.

Ikafika zamu ya wifi. Akaonja, uso ukamkunjamana. Waonjaji hutema, lakini yeye alimeza.

"Tamu, wifi."

"Una hakika?"

"Unataka niseme nini?"

"Ulichoonja."

Wifi akawatazama wenzake mmoja mmoja. Wote wakainamia vikombe vyao.

"Tamu sana," akasema.

Bi Pua akacheka. Akachukua birika, akamjazia kikombe hadi ukingoni.

"Basi maliza, wifi yangu. Ukimaliza, kipo kingine."

Wifi akamaliza, akasogeza kikombe ajaziwe tena.