Baiskeli ya Baba Pacha

Baba Pacha aliendesha lori kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kugonga hata kuku. Mwenyewe alipenda kulisema hilo, tena kwa sauti, mpaka ilipofika asubuhi moja akaacha kulisema.

Asubuhi hiyo ilikuwa na ukungu. Alikuwa akishuka mteremko, taa kaziwasha, mwendo wa kawaida, wakati mtu wa baiskeli alipokwepa shimo na kuingia mbele yake. Askari wa barabarani walipima, wakachora, wakaandika, na mwisho wakasema dereva hana kosa. Tajiri wake akamwambia apumzike wiki mbili kisha arudi kazini. Baba Pacha alirudi kesho yake, akaweka funguo za lori mezani, akashukuru kwa yote, akatoka. Tangu hapo hakushika tena usukani wa gari.

Alipata kazi ya kutunza stoo kwenye kinu cha unga, kilomita kumi na moja kutoka nyumbani. Mwanzoni alipanda basi. Lakini kila basi lilipompita mtu wa baiskeli, yeye alifumba macho na kukikamata kiti cha mbele kwa mikono miwili, hadi abiria wenzake wakaanza kumtupia jicho. Akavumilia hivyo karibu miaka miwili. Kisha Jumamosi moja akaja nyumbani akikokota baiskeli ya mbio, ile ya bei rahisi kuliko zote zilizokuwa dukani: fremu nyeusi, tairi nyembamba, usukani uliojikunja kwenda chini kama pembe za kondoo dume.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa akianika nguo. Pacha wenyewe walikuwa watu wazima wenye nyumba zao, ila jina lilibaki kwa wazazi.

"Ya nani hiyo?" akauliza.

"Yangu."

"Ya kufanyia nini?"

"Ya kwendea kazini."

Mama Pacha akaitazama baiskeli, akamtazama mumewe, hasa pale tumboni. "Baba Pacha," akasema taratibu, "hiyo wamewatengenezea vijana waliokonda."

Baba Pacha aliirekebisha mwenyewe kwa spana za jirani. Kiti alikishusha mpaka mwisho ili nyayo zote mbili zifike chini, maana aliogopa kuanguka, na pua ya kiti ikabaki imeinamia mbele. Wiki ya kwanza magoti yakamuuma. Wiki ya pili shingo ikakakamaa, akawa hawezi kugeuka akiitwa ila mwili mzima. Wiki ya tatu vidole viwili vya kila mkono, cha mwisho na jirani yake, vikafa ganzi, akawa anaandika hati za magunia kama mtoto anayejifunza herufi. Habari za makalio hakumwambia mtu. Mkewe ndiye aliyeona jinsi anavyokula chakula cha jioni kasimama, kaegemea kabati.

"Kaa ule."

"Niko sawa hapa."

"Uko sawa, au huwezi kukaa?"

Akamalizia tonge, akapeleka sahani jikoni bila kulalamika. Na hilo ndilo lililomtia Mama Pacha wasiwasi. Alimjua mumewe kuwa mtu wa kulalamika. Kiatu kikimbana kidogo, nyumba nzima ingejua. Sasa alikuwa akichechemea kutoka mlangoni hadi kitandani, na neno halimtoki.

Jumapili asubuhi akamwambia, "Vaa. Tunaipeleka kwa fundi."

"Baiskeli haina ubovu."

"Basi nakupeleka wewe."

Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, miwani kaifunga kamba shingoni. Watu walimwita Mama Spoku, kwa jina la zile njiti za gurudumu, kwa sababu hakuna rimu iliyopinda akashindwa kuinyoosha. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana, baiskeli zikining'inia darini kwa ndoano, sakafu nyeusi kwa grisi ya miaka. Hakuiangalia baiskeli kwanza. Alimwangalia Baba Pacha akiteremka ngazi mbili za mlangoni kiubavuubavu.

"Magoti?" akauliza.

"Magoti," Mama Pacha akajibu kwa niaba yake. "Na shingo, na mikono, na huko kwingine."

"Huko kwingine ndiko kunakowaleta wote kwangu."

Akaisimamisha baiskeli kando ya meza ya kazi, akamwamuru Baba Pacha apande huku akishikilia meza. "Weka kisigino kwenye pedali. Kisigino, mzee, si vidole. Sasa zungusha mpaka pedali ifike chini kabisa."

Pedali ilifika chini, na goti la Baba Pacha lilikuwa bado limekunjika kama la mtu aliyekaa kwenye kigoda.

"Nani alifunga kiti hiki?"

"Mimi."

"Ulikuwa umegombana na nani?"

Mama Pacha akacheka. Baba Pacha hakucheka. Fundi akalegeza nati, akakipandisha kiti kidogo, akapima, akapandisha tena, mpaka kisigino kikawa kinaigusa pedali mguu ukiwa umenyooka. "Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya mguu, kama inavyotakiwa, goti litabaki na mkunjo mdogo tu. Hapo ndipo penyewe." Kisha akatwaa pima maji ya waashi, akailaza juu ya kiti, akarekebisha mpaka kipovu kikatulia katikati.

"Rudisha pale pa zamani," Baba Pacha akasema ghafla.

"Nirudishe?"

"Nimeshapazoea. Maumivu si kitu."

Mama Spoku akaweka spana mezani, akavua miwani. Nje watu walipita wakizungumza mambo yao.

"Niligonga mtu," Baba Pacha akasema. Alikuwa bado juu ya baiskeli, mkono mmoja mezani. "Mtu wa baiskeli. Akafa. Sasa mimi nikipanda hii nikajisikia raha, naona kama namdharau."

Mama Pacha alikuwa kashika mkoba wake kifuani. Karibu miaka miwili tangu ajali walilala kitanda kimoja, na hakuwahi kuyasikia maneno hayo kinywani mwa mumewe. Habari yote aliipata kwa askari na kwa majirani.

Mama Spoku akafikiri. "Sikuwepo siku hiyo," akasema, "kwa hiyo sina la kukuambia kuhusu siku hiyo. Langu ni baiskeli. Mtu ambaye vidole vimemfa ganzi hakamati breki kwa wakati. Mtu ambaye shingo imekakamaa hageuki kutazama nyuma. Ukiendelea kupanda hivi, iko siku utayumba mbele ya gari la mtu. Halafu dereva yule naye atakwenda nyumbani kwake, awe kama wewe."

Baba Pacha akauinamia usukani. Mkewe akataka kumwendea, kisha akajizuia.

"Kiache hapohapo juu," hatimaye Baba Pacha akasema.

"Leo kiti tu," fundi akasema, akivaa tena miwani. "Nikigusa vitu vitano kwa mpigo, hatutajua kipi kimekutibu na kipi kimekuumiza. Njoo Jumapili ijayo."

Akaja Jumapili hiyo, magoti yakiwa na nafuu lakini mikono bado. Mama Spoku akapekua sanduku la vyuma vilivyotumika, akatoa shingo ya usukani fupi kuliko ile ya dukani, akaifunga pamoja na pete mbili chini yake, usukani ukamsogelea na kuinuka. Jumapili iliyofuata akaisogeza mikono ya breki hadi vidole vikaifikia bila kujinyoosha. Safari hiyohiyo akaibonyeza tairi kwa kidole gumba, akashangaa.

"Huu upepo umeujaza wewe?"

"Mimi."

"Mzee, hii haibebi saruji." Akapunguza upepo kidogo, na barabara ya vijiwe iliyokuwa ikimtikisa meno ikawa ya kuvumilika.

Akamfundisha pia mwili. Kunja viwiko. Shusha mabega. Usikae mkao mmoja safari nzima, hamisha mikono, mara juu, mara pembeni. Nyumbani, Mama Pacha akamshonea kaptula ya kuvaa ndani ya suruali, yenye tabaka mbili za sponji laini na bila mshono pale panapokaliwa. Alipoijaribu mara ya kwanza, alitembea chumbani kama bata, na mkewe akacheka hadi akakaa kitandani. Baba Pacha naye akacheka. Kicheko hicho kilikuwa kimekosekana nyumbani humo muda mrefu.

Ikawa asubuhi moja akafika kwenye geti la kinu, akashuka, akagundua kwamba tangu alipoondoka nyumbani hakuufikiria mwili wake hata mara moja. Hakuna kilichomuuma. Alipaswa kufurahi. Badala yake alikwenda kukaa nyuma ya magunia ya unga, peke yake. Yale maumivu yalikuwa yakimshughulisha, na sasa yalipoondoka, likabaki lile alilokuwa akilikimbia. Hakuwahi kwenda kwa wafiwa. Siku ya mazishi kampuni ilituma watu watatu wenye rambirambi. Yeye alibaki kitandani, kaupa ukuta uso.

Nyumbani kwa marehemu alikujua kwa maelezo. Ni kilomita thelathini na nane.

"Nikufuate kwa basi?" mkewe akauliza alipomwambia anakwenda huko.

"Hapana. Hili ni langu."

"Basi kula kwanza. Na ule umekaa."

Aliondoka kumekucha. Njia ilikuwa ileile ya mteremko. Alipofika pale, alishuka akasimama kando. Shimo lilikuwa limezibwa, kiraka chake cheusi kuliko lami nyingine. Malori mawili yakapita, upepo wake ukamsukuma hadi akayumba, na ndipo alipoelewa kwa mwili wake jinsi lori linavyokuwa kubwa ukiwa chini. Akasubiri barabara iwe tupu, kisha akapanda tena.

Alimkuta mama wa marehemu barazani, anashona kifungo cha shati. Mwanaume mmoja, kaka wa marehemu, alikuwa uani akipasua kuni. Baba Pacha akaegemeza baiskeli, akasalimu, akakaribishwa kama mgeni yeyote. Hakukaa.

"Mama," akasema, "mimi ndiye niliyekuwa dereva."

Shoka likasita. Yule kaka akamtazama, akalipigilia kwenye gogo, akaingia ndani na kufunga mlango. Mama hakuinuka. Sindano ilibaki juu ya shati.

"Ulikuwa naye?" akauliza.

"Nilikuwa naye, mama. Nilikaa naye chini mpaka gari la wagonjwa likaja."

"Sisi tuliambiwa alikufa papo hapo."

"Hapana. Alikaa kama robo saa."

"Alisema kitu?"

Kwa karibu miaka miwili Baba Pacha alikuwa akiliogopa swali hilo kuliko maswali yote ya askari. "Aliniuliza ni saa ngapi. Nikamwambia, saa moja kasoro dakika kumi. Akasema, 'Nitachelewa.' Basi. Hakusema tena."

Mama yule akajiziba mdomo. Baba Pacha hakujua kama sauti iliyomtoka mama ni kilio au nini, mpaka alipoona mabega yake yanatikisika kwa kicheko na machozi yanatiririka papo hapo. "Huyo!" akasema. "Huyo hakuwahi kuwahi mahali popote! Hata kuzaliwa alinichelewesha wiki mbili. Nilikuwa namwamsha kila siku, kila siku..." Akashindwa kumaliza. Akalia na shati usoni.

Baba Pacha akasubiri kasimama. Alipotulia, mama akauliza, "Aliumia sana?"

"Sitakudanganya, mama. Sijui. Hakulalamika. Alinishika mkono."

"Na maneno ya mwanangu umekaa nayo miaka yote hii." Alilisema bila kupandisha sauti.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"La kusamehe sina jibu leo. Nikikuambia nimesamehe nitakuwa nasema tu." Akafuta uso. "Lakini umeyaleta. Kaa unywe maji. Njia ni ndefu."

Alikunywa maji bilauri mbili, na mama akamwuliza habari za nyumbani kwake, watoto wangapi, wako wapi, naye akajibu. Alipoaga na kuishika baiskeli, mlango ukafunguka. Yule kaka alitoka, akasimama hatua chache, hakutoa mkono.

"Kwenye kona ya kule chini wamemwaga mchanga," akasema. "Ukienda kasi utateleza."

"Ahsante, ndugu yangu."

Kaka mtu akarudi kwenye kuni zake.

Baba Pacha alifika kwake jua halijazama. Alimweleza mkewe yote, neno kwa neno, na alipofika kwenye lile la kuchelewa akalia kwa mara ya kwanza, naye Mama Pacha akamwacha alie mpaka akamaliza. Baada ya mwezi mmoja walikwenda wote wawili, mke kwa basi, mume kwa baiskeli. Mama wa marehemu aliwaonyesha picha. Tangu hapo Baba Pacha huenda kila baada ya wiki chache, mara na mkewe, mara peke yake. Mama hajasema kama amesamehe, na yeye hajauliza. Yule kaka bado hampi mkono. Huwa yuko tu uani, akifanya kazi zake, na Baba Pacha akifika, haingii tena ndani na kufunga mlango.