Boksi Lisitupwe

Jumamosi asubuhi mama alikuwa dirishani, mguu juu ya pedali ya cherehani, akipinda sketi ya shule. Mkwewe alikuwa amekaa chini kando yake akimtungia uzi kwenye sindano za akiba, maana mkono wa mama ulikuwa bado wa fundi, lakini macho yake yalishagombana na tundu la sindano zamani. Kesho aliingia, akamvua mama yake futi shingoni bila hata shikamoo, akaanza kupima sebule.

Kesho ni jina alilopewa na madalali wenzake, kwa kuwa kila jambo lake jema liko kesho. Bomba halitoi maji? Maji yanakuja kesho. Barabara ya lami? Wanaanza kesho. Kazi yake ni kuwatafutia watu nyumba za kupanga, na kwa kazi hiyo amezoea kuvikuza vyumba kwa mdomo. Chumba ambacho kitanda kikiingia mwenye kitanda inabidi abaki nje, yeye hukiita chumba cha nafasi. Alikuwa amesema hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba kuta zenyewe zilianza kumsikiliza.

"Ile miwani inataka uwanja," alimwambia mkewe. "Ukishaivaa huoni kwako, unaona huko. Sasa ukitembea huko, huku unajigonga na meza. Watu watatucheka."

"Kwani imefika?"

"Iko njiani."

Ilikuwa njiani muda mrefu. Kampuni ilitangaza, ikaahirisha, ikaomba radhi, ikatangaza tena kwa picha nzuri zaidi: mtu kafunikwa macho na kidude cheusi, kinywa wazi, mikono hewani, anacheka peke yake. Mtaa mzima uliitamani picha ile. Kinyozi alisema wateja watakuwa wanaona kichwa chao kabla hakijanyolewa. Mwalimu wa jiografia, ambaye hajawahi kuwavusha wanafunzi hata geti la shule, alisema atawapandisha milima wakiwa madawatini. Kesho alisema atawaonyesha wateja nyumba bila kuwafikisha kwenye nyumba, jambo ambalo, tuseme ukweli, amelifanya maisha yake yote bila miwani.

Jioni walikusanyika barazani kwake kujizoeza. Kila mmoja alikuja na boksi la viatu lililofungwa kichwani kwa mpira wa kiunoni, ule wa kushonea sketi, ambao Kesho aliuchukua kwenye kikapu cha mama. Walivaa maboksi, wakageuza shingo huku na huku, wakasema "Aisee!" na "Jamani!" na "Hebu ona!" Ndani ya boksi la viatu hakuna kitu zaidi ya harufu ya viatu. Lakini walitaka siku ya siku ikifika wasionekane washamba wasiojua kushangaa. Watu wazima, na ndevu zao.

Kesho alianza na meza. Alipoitoa, sebule ilirefuka kwa urefu wa mkono. Alipima kwa futi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatoa makochi. Sebule ikarefuka tena. Likatoka kabati la vyombo, ikatoka saa ya ukutani, ukatoka mkeka, na kila kitu kilipotoka ukuta wa mbali ulisogea mbali zaidi, taratibu, kama mtu anayepisha kwenye foleni. Fundi wa rangi aliyeitwa kuzipaka kuta upya alilalamika jambo moja tu, kwamba anachoka kufuata ndoo. Mwishowe kikabaki kitu kimoja, kule dirishani.

"Mama atakaa stoo kwa muda," Kesho alisema.

"Stoo hakuna mwanga," mkewe alisema. "Atashonaje?"

"Kwa muda tu. Na isitoshe miwani ni kwa faida yake. Miguu haimtii, sivyo? Atatembea akiwa amelala. Atazunguka dunia nzima huyu."

Mama alikata uzi kwa meno. "Mimi nataka kufika dirishani tu," alisema. "Usiache mbachao kwa msala upitao, mwanangu."

"Hayo ya zamani, mama," Kesho alijibu, akainua cherehani.

Kwenye simu yake, penye picha yake ndogo, Kesho alikuwa ameandika tangu siku nyingi maneno haya: Nani kama mama. Hakuyafuta siku ile, na wala hakuona sababu ya kuyafuta.

Sasa, nafasi haitoki mbinguni. Sebule ilipokuwa ikipanuka, stoo ilikuwa ikipungua, na vilivyomo ndani yake vikipungua nayo: kitanda, cherehani, na mama. Mkewe Kesho ndiye aliyeona kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akipeleka chai. Wiki ya kwanza alipeleka kikombe na mama akakishika kwa mikono miwili. Baadaye akapeleka kwenye kijiko. Baadaye tena kwenye kifuniko cha chupa ya soda, na mwisho kwenye kastabini, ile kofia ya chuma ambayo fundi huvaa kidoleni asijichome, akiipitisha mlangoni kwa ncha za vidole, maana mlango wa stoo ulikuwa umekuwa kama mlango wa kabati la dawa.

Wateja waliendelea kuja. Mama mmoja alileta shati la mwanawe likatwe mikono. Lilipotoka stoo lilikuwa linamtosha mwanasesere, mishono imenyooka, vifungo vimekaza. Yule mama aliligeuza kiganjani akalikagua.

"Mbona kifungo cha juu si rangi moja na vingine?" aliuliza.

Mkewe Kesho aliomba radhi kwa ajili ya kifungo.

Kwa mama mwenyewe, mambo hayakuwa mabaya yote. Sindano moja aliyoiacha mkwewe karibu na mlango ilikuwa sasa inamfika kidevuni, na tundu lake aliliona vizuri kabisa. "Sihitaji tena kutungiwa uzi," alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba lakini ile ile. "Ila dirisha, mwanangu. Dirisha nalikumbuka."

Mkwe aliumia. Hakuwa mwanamke wa makelele. Siku nzima hupiga pasi kwa dobi, na anayepiga pasi siku nzima hurudi nyumbani hana maneno mengi. Lakini jioni ile hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka. Alichukua kiti kimoja uani, akakirudisha sebuleni. Ukuta wa mbali ukasogea ndani. Huko stoo mlango ukatanuka kidogo, na uso wa mama ukajitokeza, mkubwa kama chungwa. Kumbe dawa ilikuwa rahisi kiasi hicho. Alikuwa amekwenda kufuata kiti cha pili Kesho alipokuja, akakichukua kile cha kwanza, akakirudisha uani.

"Unaniharibia vipimo," alisema.

"Mume wangu, mama yako anakwisha mle ndani."

"Nani kakwambia anakwisha? Anakula, anashona. Ikishafika tukaizoea, nitamrudisha. Kesho kutwa tu."

Siku iliyofuata mkwe alimtoa mama kwa kiganja na kuanza safari ya kumpeleka dirishani. Sebule ilikuwa imekwenda mbali. Alitembea mpaka chai ya mama ikapoa kwenye kastabini, dirisha bado likiwa alama nyeupe kule mbele, mfano wa leso iliyoanikwa. Muda wa kazi ulifika. Alirudi nyuma, na mama alimwambia asijali, upepo wa njiani nao ulikuwa mzuri.

Wifi yake, dada wa Kesho, ambaye anaishi mbali na anampenda mama yake sana kwa simu, alipiga jioni hiyo.

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Amepungua."

"Aa, uzee huo, wifi yangu. Umsalimie sana. Na miwani imefika?"

"Bado."

"Ikifika mniambie! Nami nitanunua yangu, nitakuwa nakuja kumwona mama kila siku bila kupanda gari."

Mara ya mwisho kupanda gari kuja kumwona mama, kinyozi alikuwa bado ana nywele.

Miwani ilifika siku ambayo hakuna aliyeitarajia, kwa pikipiki. Boksi lake lilikuwa zuri kuliko kitu chochote kilichowahi kuingia nyumba ile: jeupe, gumu, kona zimenyooka, na ndani yake sifongo laini ya kijivu iliyochongwa umbo la kila kitu, shimo la miwani, shimo la waya, kijishimo cha chaja. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Majirani walikuja wakavua viatu mlangoni, jambo ambalo hawajalifanya kwa ajili ya mama hata siku moja.

Kesho alivaa. Walimpisha uwanja, na uwanja ulikuwepo. Alipelekwa kwa simba, akasema "Aisee!" Alipelekwa mwezini, akasema "Jamani!" Alipandishwa mlima, kichwa kikamzunguka, akaomba ashushwe. Wenzake walisimama kwenye mstari wakisubiri zamu, na kila alichosema walikisema nyuma yake kwa sauti ya chini.

Kisha akapiga magoti katikati ya ile sebule isiyo na mwisho, mikono mbele.

"Njooni mwone," alisema, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Kuna chumba. Chumba kidogo tu. Kuna kochi, kuna kabati, kuna saa ukutani. Kuna dirisha, na jua linaingia. Na kuna bibi anashona! Wallahi kama kweli. Ukimkaribia anainua kichwa anakuchekea."

Machozi yalimtoka chini ya miwani yakashuka mashavuni. Kinyozi alisema teknolojia imefika mbali. Mwalimu wa jiografia naye alijifuta pua, ingawa alikuwa hajaona chochote.

Mkewe alikuwa ametoka stoo. Mlango ule sasa ulikuwa mdogo mno kupitisha hata kastabini, na kwa hofu ya kuta kukutana alikuwa amemtoa mama kwa ncha ya kidole, na kitanda chake, na cherehani yake, vyote vikatosha kiganjani. Alisimama mbele ya mumewe.

"Mama yuko hapa," alisema.

"Subiri kwanza."

"Nimekwambia mama yako yuko hapa. Mkononi mwangu. Vua hilo dude umtazame."

"Subiri, mke wangu, anainua kichwa!"

Mama alijiinua kwenye kidole cha mkwewe. "Muulize," alisema, "huyo bibi wa huko anashona nini."

Mkwe aliuliza. Kesho alisogeza uso mbele, akitazama.

"Sijui. Kitambaa tu. Hakifiki mwisho."

"Basi si fundi," mama alisema. "Fundi humaliza." Akakaa chini, akageukia upande mwingine.

Mkwe alitazama pa kumlaza mama. Stoo ilikuwa imebaki ufa. Sebule yote haikuwa na hata kigoda. Kulikuwa na boksi tu, wazi, sakafuni. Alimlaza mama kwenye shimo la miwani, na sifongo ilimpokea vizuri. Kitanda kilikaa kwenye shimo la waya. Cherehani iliingia kwenye kijishimo cha chaja kana kwamba kilipimwa kwa ajili yake.

"Pakoje, mama?"

"Panalalika."

Kesho alisikia mlio wa kifuniko cha boksi, mkewe akikishusha. Kwa mara ya kwanza tangu alipoivaa, aliisukuma miwani mpaka juu ya paji la uso.

"We! Hilo boksi lisitupwe!" alisema. "Boksi likipotea, hakuna waranti."

Akalichukua kwa mikono miwili, kwa adabu kubwa, akalifuta kwa mkono wa shati lake. Alilibeba mpaka chumbani kwao, akaliweka juu ya kabati la nguo, mbali na jua, mbali na unyevu, akawaonya wote walio ndani ya nyumba kwamba hakuna kuliegemea wala kuliwekea kitu juu.

Linatunzwa kweli. Kila Jumamosi Kesho hulishusha, hulipangusa vumbi kwa kitambaa laini na kulirudisha polepole, na mpaka leo hajalifungua. Ukitega sikio husikia mlio mdogo wa cherehani. Kesho anasema ni kawaida, vitu vipya huwa na mlio. Mkewe hulifungua akitoka kazini, akampa mama chai kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, akamsogeza kwenye dirisha la chumbani aone nje. Wakati huo Kesho huwa sebuleni, amepiga magoti, anasubiri yule bibi ainue kichwa.

Juzi kampuni ilitangaza toleo jipya. Wanasema litakuwa na harufu, na utaweza kumshika mkono unayemwona. Lakini linataka uwanja mkubwa zaidi, na Kesho ameichukua tena futi ya mama, ameingia nayo chumbani.

"Kitanda kitatoka," alimwambia mkewe. "Wewe utasogea jikoni kwa muda."

Mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda hicho, na miguu yake, ambayo siku zote hufika sakafuni, ilikuwa inaning'inia. Aliitazama. Kisha alipanda juu ya kiti, akafungua boksi.

"Mama," alisema, "nisogezee nafasi kidogo."

"Karibu, mwanangu," mama alisema, akaanza kuisogeza cherehani pembeni.