Fimbo ya Mwaka wa Matrekta

Jumanne asubuhi, kabla ya paredi, Mwalimu Hilaria alikuwa ofisini akimalizia andalio la somo la Kidato cha Pili A. Chai ilikuwa imepoa pembeni. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili lilikuwa bado jipya, vitabu vilivyofika havikutosha hata robo ya darasa, na mkuu wa shule alikuwa amesema kwenye kikao kwamba mwalimu asiyetumia mbinu shirikishi atajieleza mwenyewe mbele ya wathibiti ubora. Kwenye nafasi ya zana Hilaria aliandika: majivu, mawe, wanafunzi.

Aliipenda historia kwa sababu mambo yake yalikuwa yameshatokea na hayakuhitaji kubembelezwa. Alizaliwa Bashay, juu Mbulu, katika nyumba ambako mtu aliyesema jambo bila uhakika aliulizwa aliliona wapi. Shule aliyopangiwa ilikuwa chini ya kijiji cha Mogitu, pale mashamba ya mahindi yanapoishia na uwanda wa ngano unapoanza.

Kipindi cha tatu aliwatoa wanafunzi nje. Nyuma ya jiko la shule walichora mstari mrefu wa majivu, wakapanga mawe juu yake, kila jiwe limeandikwa mwaka wake kwa rangi nyeupe. Maelekezo yalikuwa mepesi. Kila kundi litasimama kwenye mwaka wake, litazame, lisikilize, kisha lirudi kusimulia. Ukikutana na mkubwa, msalimie.

Wakasimama. Waliopewa 1905 walirudi na magoti yenye matope, wakaomba maji, na hawakutaka kusimulia mbele ya wasichana. Kelvin, mtoto wa kijiji cha Endasak, alirudi kutoka 1961 sauti imekauka kwa kuimba, bendera ndogo ya karatasi mkononi. Hilaria aliwaambia waandike hoja zao kabla hawajasahau. Oliva, aliyesimama peke yake 1979 kwa sababu mwenzake alikuwa na malaria, hakurudi.

Alionekana vizuri. Alikuwa palepale kwenye jiwe lake, sketi ikipigwa na upepo ambao haukuwapo uwanjani, na mkononi alishika fimbo nyeusi ndefu ambayo hakutoka nayo darasani.

"Oliva, muda umeisha."

"Samahani, mwalimu. Kuna mzee nimemwamkia, akanipa fimbo yake nimshikie. Amekwenda kuongea na dereva wa trekta."

"Si uiweke chini," alisema Kelvin. "Fimbo haina miguu, itakimbilia wapi?"

"Wewe kwenu mnafuga kuku," Oliva alimjibu. "Fimbo ya mzee haiwekwi chini. Akirudi aikute kwenye majani, atauliza mimi ni mtoto wa nani."

Darasa likacheka, na Kelvin naye. Wavulana wawili walijaribu kumvuta mkono, wakamkuta amesimama imara kama nguzo ya zizi. Kengele ikalia, wengine wakaenda Hisabati.

Mkuu wa shule, Mwalimu Bonaventura, alikuja kutazama akiwa ameweka mikono nyuma.

"Azimio la kazi linaipa mada hii vipindi vingapi?"

"Viwili, mkuu. Cha pili ni Alhamisi."

"Basi asizidishe Alhamisi."

Aliagiza kwamba kwenye mahudhurio Oliva aandikwe yupo, kwa kuwa yupo, na mwalimu wa Hisabati ampelekee maswali pale alipo. Kabla ya kuondoka alisema kwa sauti ya kawaida kwamba Ijumaa wathibiti ubora watafika, na uwanja lazima uwe umefagiliwa, mstari na vyote vilivyomo.

Hilaria aliyatazama majivu. Fagio la chelewa lingeyamaliza kabla ya chai ya saa nne. Alijaribu kufikiri fagio litakapofika 1979 nini kitatokea. Hakukuwa na mahali pa kusoma jambo hilo.

Kilichomtisha zaidi ni kwamba mengine aliyajua. Chuoni alikuwa amesoma habari za uwanda huu na mwaka ule wa 1979. Shamba la ngano la serikali lilipopanuliwa, wafugaji wa Kibarabaig waliambiwa ardhi si yao tena. Mzee mmoja alikwenda kuongea na madereva ili wasilime kaburi la baba yake. Alikamatwa kwa kosa la kuingia shambani bila ruhusa. Hilaria alikuwa ameiandika habari hiyo kwenye mtihani na kupata alama nzuri.

Jumatano, Oliva akiwa amekesha kwenye jiwe lake, mpishi alilalamika kwamba mifuniko ya masufuria inatetemeka. Uwandani hapakuwa na trekta hata moja, kwa kuwa haukuwa msimu wa kulima, lakini mngurumo ulisikika na harufu ya udongo uliopasuliwa ikaingia mpaka madarasani. Walimu walifunga madirisha wakaendelea kufundisha.

"Unaona nini?" Hilaria alimwuliza Oliva.

"Kaburi, mwalimu. Lile letu la udongo, la kujengwa juu. Limenizidi urefu. Niko mbele yake." Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa vumbi. "Trekta lilikuwa kule mwisho. Sasa limegeukia huku."

"Mzee je?"

"Anachelewa." Kisha akasema taratibu, kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni, "Naogopa, mwalimu."

Alhamisi, kipindi kikiwa kinakaribia, mama yake Oliva alifika na kibuyu cha maziwa. Hilaria akamwamkia shikamoo, mama akaitikia, wakaulizana hali za nyumbani mpaka zikaisha. Kisha mama akamnywesha mtoto wake kibuyu kikiwa mdomoni, maana mikono ya Oliva yote miwili ilikuwa kwenye fimbo, akamfuta midomo kwa ncha ya shuka.

"Baba yake yuko malishoni na ng'ombe," alisema. "Nimemtumia ujumbe. Atafika jioni."

Ardhi ilitetemeka. Jiwe la 1979 lilisogea kidogo likarudi.

"Mwalimu, wewe umesoma," alisema mama. "Yule mzee alirudi?"

Hilaria angeweza kusema kwamba hajui. Uongo huo ulimpitia mdomoni akausikia ladha yake.

"Hakurudi, mama. Walimpakia kwenye gari wakampeleka mahabusu. Alifia huko."

"Hilo tunalijua," alisema mama. "Ni babu wa mume wangu. Tusichokijua kwetu ni fimbo alimwachia nani."

Wote wawili walimtazama Oliva.

"Mtoto asiwe hapo trekta likifika," alisema mama. "Ipokee, mwalimu."

"Mimi? Wewe ndiye mama yake."

"Mimi nimeolewa kwenye ukoo ule. Jina lake silitaji, fimbo yake siigusi. Hata akifa mtoto, siigusi." Alisema hivyo huku machozi yakimtoka, na mikono yake ameifunga ndani ya shuka kama anayeizuia. "Wewe si mke wa mtu kwetu. Na saa hizi ni za shule. Saa za shule mtoto ni wako."

Darasa la Kidato cha Pili A lilikuwa limeshatoka nje na madaftari, maana kipindi kilikuwa kimeanza. Hilaria aliona anatazamwa. Aliingia kwenye mstari, akaishika fimbo juu ya mikono ya Oliva, na mikono ya Oliva ikaachia. Mtoto alitoka kwenye majivu akaanguka kifuani kwa mama yake, akauliza kama amekosa jaribio la Baiolojia.

Mwaka ule ulikuwa na jua kali. Nyuma ya Hilaria palikuwa na kaburi refu la udongo uliokandwa vizuri, kazi ya ukoo mzima. Mbele yake palikuwa na trekta jekundu, na mbali, kwenye vumbi la barabara, gari lilikuwa linaondoka. Trekta lilisimama hatua chache kutoka kwake. Dereva alikuwa kijana. Alimsalimia kwa Kiiraqw, lugha ya kwao Mbulu, na kumwuliza anatoka wapi.

"Bashay," alisema Hilaria.

Dereva akafurahi. Yeye ni wa jirani na hapo. Alitaja ukoo wake, ukoo ambao Hilaria alisoma na watoto wake.

"Dada, sogea kidogo. Nimeambiwa kipande hiki kiishe leo."

"Hapa kuna kaburi."

"Naliona."

"Mwenyewe amekuja kukwambia."

"Amekuja. Mzee wa heshima kabisa, nimemwamkia." Dereva alijifuta jasho. Hakuonekana mtu mbaya. "Nikiacha, kesho ataletwa mwingine. Sogea, dada, usije ukaumia."

Hilaria hakusogea. Hakuwa na ushujaa wowote. Mkojo ulimtoka kidogo, jambo ambalo baadaye hakumwambia mtu, lakini miguu haikuwa na njia ya kwenda huku mkono umeshika fimbo ile. Injini ikawaka. Alifumba macho. Alisikia majembe ya chuma yakishuka ardhini, kisha kishindo cha kitu kikubwa cha udongo kikivunjika nyuma yake, na vumbi likamjaa mdomoni.

Alipofumbua, darasa lilikuwa limekaa kwenye nyasi likiandika. Kelvin aliinua mkono kuuliza kama hicho nacho kinatoka kwenye mtihani. Hilaria alisema kinaweza kutoka.

Alisimama hapo mchana kutwa. Jioni baba yake Oliva alifika kwa pikipiki, vumbi la malishoni likiwa bado miguuni. Wakasalimiana. Alitazama ardhi, akamtazama mwalimu kuanzia viatu mpaka nywele zilizojaa udongo.

"Limepita?"

"Limepita."

"Lilikugusa?"

"Hapana. Dereva alinizunguka."

"Na mzee wetu aliyelala hapo?"

Hilaria alitafuta namna nyingine ya kulisema, hakuipata.

"Hakumzunguka."

Baba alitikisa kichwa polepole. Alivua viatu, akaingia kwenye majivu, akaipokea fimbo kwa mikono miwili, na Hilaria akatoka.

"Kesho asubuhi wanafagia hapa," Hilaria alimwambia.

"Wafagie," alisema baba, akabaki kwenye jiwe la 1979 akiitazama njia ambayo mzee alikwenda.