Maziwa ya Sylvia

Msinipe pole. Pole mpeni Metrine, mke wa mwanangu, niliyemfukuza hapa Molo, karibu na Tororo, kwa mdomo wangu huu huu. Mimi Amongin sijui kunyamaza. Wanajua kule Malaba nilikozaliwa, wanajua huku nilikoolewa.

Metrine alikuwa anakohoa. Alikuwa akikaanga samaki sokoni, ameinamia moshi tangu asubuhi, sasa angekosaje kukohoa? Lakini mimi nikaona tibii, kifua kikuu. Nikamtengea kikombe, nikamtengea sahani, na siku moja nikamwambia mbele ya wageni, "Wewe utaniulia mjukuu." Mwanangu Elungat akatazama chini tu, mwanamume mzima! Metrine akafunga nguo zake, akaenda kupanga chumba Busia. Sylvia, mtoto wa miaka minne, nikambakiza kwangu. Nilimnyang'anya mama yake ili asife, na nikajisifu hivyo hadi kanisani.

Na nilimtunza jamani, haki ya Mungu. Nina ng'ombe mmoja mweusi, wa maziwa mengi. Kila asubuhi nikikamua, Sylvia anasimama kando na kikombe chake, namkamulia humo humo, maziwa ya povu, bado ya moto kutoka kwenye kiwele. Anakunywa mpaka povu linampaka pua, anacheka. Ya chai tunachemsha, ya mtoto hapana. Mama yangu alituambia ukiyachemsha unaua nguvu yake, na sisi sote tulikua hivyo. Mwaka huo ng'ombe alikonda, akawa anakohoa tukimpeleka mtoni. Nikasema ni vumbi. Ala! Ng'ombe akikohoa ni vumbi, mke wa mwanangu akikohoa ni tibii!

Mwezi wa tano shingo ya Sylvia ikaota vinundu. Nikadhani matumbwitumbwi, nikampaka majivu. Kimoja kilipopasuka na kutoa usaha ndipo nikambeba hadi kituo cha afya. Muuguzi akamchunguza, akachukua ule usaha kupeleka maabara, akasema ni tibii ya tezi.

"Nani anakohoa nyumbani?"

"Mama yake," nikajibu, hata hajamaliza kuuliza. Akaandika.

Akatupa dawa za kumeza kila siku, akasema mtoto ale vizuri, mayai, maziwa. Hakuuliza kama tunayachemsha, na mimi sikuona la kuuliza. Nikamwongezea kikombe cha jioni.

Dawa alimeza zote, sikuruka hata siku moja. Lakini kichwa kikaanza kumuuma, akawa anatapika, shingo ikakakamaa kama mti. Tukampeleka hospitali Tororo. Siku ya mwisho alikuwa ananiangalia bila kunijua. Aliita, "Mama, mama." Nikamwambia niko hapa, lakini hakuwa ananiita mimi. Alikufa Jumanne, saa nne asubuhi.

Jumatano akaja Osinya, daktari wa mifugo. Hospitali ndiyo ilimtuma, na Jumapili alikuwa amemdunga ng'ombe sindano shingoni ili ampime. Sasa pale alipodunga pamevimba kama yai. Akapapasa, akatikisa kichwa.

"Mama, huyu ana tibii. Na majibu ya mtoto yametoka maabara. Ni hiyo hiyo ya ng'ombe, inapita kwenye maziwa mabichi. Tena dawa moja kati ya zile za kawaida haiiwezi."

"Na mama yake?" nikauliza.

"Mama yake hahusiki. Kwani mtoto alikuwa anapewa maziwa bila kuchemshwa?"

Nikamgeukia ng'ombe. Akaniambia nisiuze ng'ombe, nisiuze maziwa, na sisi wote twende tukapimwe, kisha akapanda pikipiki yake. Nikaingia zizini nikakaa kwenye mavi, nikalia mpaka sauti ikakauka. Elungat aliponiuliza daktari kasema nini, nikamwambia hakusema kitu. Mimi nisiyejua kunyamaza!

Tukazika Jumamosi. Metrine alikuja na gari la kwanza kutoka Busia. Hakuingia ndani. Alikaa peke yake nyuma ya jiko, leso mdomoni, eti asituambukize. Hata kaburini alisimama mbali, mtoto wake akafukiwa yeye akichungulia kati ya mabega ya watu.

Tulipomaliza akanijia, akapiga magoti mbele yangu, watu wote wanaangalia.

"Mama, nisamehe," akasema. "Uliniambia, nikakuona mbaya. Ni mimi nimeua mtoto."

Nikafungua mdomo. Wanawake wakasogea kusikiliza, Elungat akainua uso. Nilikuwa na maneno yote, aliyoyasema Osinya, moja baada ya jingine. Nikamwekea mkono kichwani.

"Nimekusamehe, mwanangu," nikasema.

Akanishukuru.